Mfukuze Sungura: mwongozo wa kuanzisha klabu ya mbio Lutindi

Ukitangaza Lutindi, huku milimani wilayani Korogwe, kwamba unaanzisha klabu ya mbio, watakuja vijana watano wenye jezi za mpira, na wiki ya tatu watabaki wawili. Si kwamba watu wa milimani ni wavivu. Mama anayepanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi kichwani ana pumzi kuliko kijana yeyote wa mjini. Shida ni kwamba tumezoea mbio za aina mbili tu: za mashindano, ambazo wa kwanza hupewa zawadi na wa mwisho huzomewa, na mchakamchaka wa shule, ambao mwalimu huja nyuma na fimbo. Mtu mzima mwenye shughuli zake hatoki nyumbani kwa ajili ya mojawapo ya hizo.

Ipo aina ya tatu, nayo ndiyo ninayokushauri: kumfukuza sungura. Mtu mmoja au wawili hutangulia kwa robo saa wakiacha alama njiani, kisha kundi zima huwafuata kwa kuzitafuta alama hizo. Wanafunzi wa Uingereza waliucheza mchezo huu katika karne ya 19 kwa kutupa vipande vya karatasi, na mwaka 1868 wakimbiaji wa London wakaunda klabu ya Thames Hare and Hounds, ambayo ipo hadi leo. Mwaka 1938 mhasibu mmoja aitwaye A. S. Gispert na wenzake waliuhamishia Kuala Lumpur. Klabu yao wakaiita Hash House Harriers, jina la mzaha lililotokana na bwalo walimokuwa wakila. Gispert aliuawa vitani Singapore mwaka 1942, lakini klabu ilifufuliwa baada ya vita na imezaa nyingine dunia nzima, zikiwamo za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Nyingi ya klabu hizo humalizia mbio kwenye bia. Wewe si lazima uwafuate hadi huko. Kwenye milima hii hii hulimwa chai.

Kazi ya sungura

Wanariadha wakubwa nao wana sungura wao: ni jina la utani la mkimbiaji anayewekwa mbele kuongoza mwendo, kisha ajitoe. Roger Bannister alipokimbia maili moja chini ya dakika 4, mwaka 1954, alivutwa na rafiki zake Chris Brasher na Chris Chataway. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita za marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019, wakimbiaji 41 walipokezana kumsindikiza. Mara mojamoja sungura hugoma kujitoa. Mkenya Simon Biwott aliwekwa kuongoza marathoni ya Berlin mwaka 2000, akaona mwili unakubali, akaendelea mpaka kwenye utepe na kushinda. Filbert Bayi wetu hakuhitaji wa kumvuta. Christchurch, mwaka 1974, alishika uongozi wa mita 1500 tangu mwanzo, hakuuachia, na akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3:32.2.

Sungura wa kijijini ni kinyume cha hao wote. Hawekwi mbele ili watu waende kasi, anawekwa ili wafike pamoja. Ukilishika hili, mengine yote ya klabu utayapanga mwenyewe bila kuniuliza.

Ufundi wenyewe uko kwenye njia panda. Sungura akifika hapo huchora duara chini, na alama hukatika. Kuanzia kwenye duara hakuna ajuaye aelekee wapi. Wenye kasi hufika kwanza, hugawana njia na kuanza kutafuta. Njia moja ina alama kwa hatua mia hivi, halafu inaishia kwenye msalaba uliochorwa chini: ni njia ya uongo, rudi ulikotoka. Nyingine haina kitu kabisa. Ya tatu ndiyo yenyewe. Wakati vijana wanahangaika huku na huko, bibi aliyekuwa anatembea na mama aliyembeba mtoto mgongoni wamekwisha kufika kwenye duara, wamepumua, na wanawacheka wanaorudi. Mwenye mapafu atakimbia kilomita 6, bibi atatembea 4, na wote watakuwa kwenye msafara mmoja.

Kwa hiyo mpe kazi ya usungura mtu anayezijua njia, si anayezijua mbio. Katika vijiji vya Lutindi njia za mkato ni nyingi kuliko barabara: za migombani, za kwenda mtoni, za kanisani, za shuleni. Aliyekulia hapo anaweza kutengeneza mzunguko wa saa nzima bila kukanyaga barabara ya magari zaidi ya mara mbili. Ningependa sungura wawe wawili, kijana na mtu mzima. Kijana ana miguu, mtu mzima anajua mbwa wa nani hufunguliwa saa ngapi.

Duara liwekwe juu ya mlima, si chini yake, kwa kuwa kundi hutawanyika zaidi kwenye kupanda na hapo ndipo linapohitaji kukusanywa. Njia ya uongo iteremke. Ni ukatili kidogo, nakubali, lakini ndio utakaomrudisha nyuma kijana anayetaka kuonyesha kifua: atashuka hatua mia na kuzipanda tena. Usiielekeze uani kwa mtu, kwenye ukingo wa korongo wala kwenye shamba lililopandwa. Maduara manne au matano yanatosha kwa saa moja. Yakizidi, watu huchoka kusimama na miili hupoa.

Sungura mzuri utamjua mwishoni. Wa kwanza na wa mwisho wakipishana dakika tano, kazi imefanyika. Wakipishana nusu saa, ameharibu, hata kama hakuna aliyemkamata.

Nyuma kabisa awepo Kobe. Huyu hampiti mtu yeyote, hata mtu asimame kufunga kamba za viatu au kuzungumza na shemeji yake. Anabeba maji, simu yenye salio, filimbi na bendeji. Usimpe kazi hii mtu aliyeshindwa kukimbia, maana ataiona adhabu. Mpe mkimbiaji bora mwenye subira. Wengi watadhani umemshusha cheo, na itabidi ueleze.

Alama, unga na njia panda

Klabu za mijini humwaga unga wa ngano kuwa alama. Usifanye hivyo hapa.

Sababu ya kwanza unaijua: katika miezi ya kabla ya mavuno hakuna atakayekusamehe ukimwaga chakula chini mbele ya watoto. Ya pili ni nzito zaidi. Unga mweupe uliomwagwa njia panda alfajiri, katika mkoa wa Tanga, hausomwi kama mchezo. Utasomwa kama kafara au kazi ya mganga, na kabla ya jua kupanda kitongoji kizima kitakuwa kinajiuliza nani amelengwa. Usidhani ni mambo ya kwetu tu. Mwaka 2007, huko New Haven nchini Marekani, watu wawili walikamatwa kwa kumwaga unga wa alama kwenye eneo la maegesho ya duka, kwa kuwa waliouona walihofia ni sumu ya magaidi. Kila jamii ina hofu yake, na sungura mwerevu huiuliza kwanza.

Tumia vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Ni la bure, huonekana vizuri juu ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha linaoza. Mfuko mmoja wa salfeti unatosha. Penye majani marefu ambapo vumbi halionekani, ning'iniza kijishungi cha katani. Korogwe ni wilaya ya mkonge, na mabaki ya katani hayakosekani. Kiwe kwenye kichaka cha pembeni ya njia, kamwe si kwenye mgomba au mti wa mtu, maana kitu kilichofungwa shambani huweza kudhaniwa ni kago la mganga na mwenye shamba akapandwa na hasira kwa haki. Kobe akipita anavikusanya vyote. Alama ziachane kwa hatua thelathini hivi, na kila mtu afundishwe kwamba akienda hatua mia bila kuona alama amepotea.

Kabla ya yote, sema. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji wiki moja kabla, mweleze mchezo, mwonyeshe alama. Omba nafasi ya kutangaza kanisani na msikitini. Ukitaka kupita pembezoni mwa shamba la chai, zungumza na msimamizi wake. Msitu wa hifadhi uache, au uombe ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Klabu ikikua na kutaka kuandaa mbio za kuchangisha fedha au kualika watu wa nje, muone afisa michezo wa wilaya akuelekeze namna ya kusajili kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Mwanzoni daftari la majina linatosha. Nimeona klabu nyingi za jogingi zikianza kwa kuchangishana fulana kabla hazijakimbia hata mara moja, kisha zikavunjika kwa ugomvi wa hesabu za fulana.

Majina na makelele

Wazungu huwapa wanaofukuza jina la mbwa. Kwetu jina hilo ni tusi, na Mwislamu hutamvalisha hata kwa utani. Fisi nalo lina mambo yake, hasa kwa wanaume. Rudi kwenye hadithi uliyosimuliwa na bibi: wanyama wamechimba kisima wakati wa ukame, sungura amekataa kuchimba, kisha anakuja kuiba maji usiku, na anayemnasa mwishoni ni kobe aliyepakwa ulimbo. Hapo una klabu kamili. Kila mwanachama achague mnyama wake wa kisimani: tembo, twiga, swala, nyati, kanga. Mwisho wa mbio paitwe Kisimani. Na sungura, kama kwenye hadithi, ndiye mhalifu anayependwa na kila mtu.

Sungura avae masikio ya boksi yaliyoshonewa kwenye kofia, na mkia wa katani iliyochambuliwa ikawa nyeupe. Watoto watafanya kazi hiyo kwa furaha kuliko fundi yeyote. Anayemkuta sungura kabla ya Kisimani anamnyang'anya mkia, na wiki inayofuata ndiye sungura. Lakini weka sharti moja: mkia haunyang'anywi na mtu aliye peke yake. Lazima wawe watatu, na mmoja wao awe amepita umri wa miaka arobaini. Sharti hilo dogo litabadilisha mbio nzima, maana vijana wataanza kuwasubiri wazee, na wataanza pia kuwabembeleza.

Anayeona alama baada ya duara apaze sauti: Paukwa! Wote wajibu: Pakawa! Aliyepotea aite: Hadithi! Akijibiwa njoo, ajue upande wa kwenda. Milima hurudisha sauti na wakati mwingine humdanganya mtu kuhusu ilikotoka, kwa hiyo Kobe abaki na filimbi, ikipulizwa mara tatu wote wasimame. Nyimbo za mchakamchaka ziruhusu pia. Zina faida moja ambayo haisemwi: anayeweza kuimba anakimbia kwa mwendo unaofaa moyo wake, na aliyeishiwa wimbo apunguze.

Majirani wa hospitali

Huwezi kuandika juu ya Lutindi ukaikwepa hospitali yake. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Leo iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, limegeuzwa neno la kutukania, na Lutindi halijasalimika. Sasa fikiria watu thelathini wakimfukuza mlimani mtu mwenye masikio ya boksi na kuitana Paukwa. Mpita njia mmoja atasema hao wametoroka wodini, na mtu wa klabu yako atacheka na kuongeza lake.

Hapo ndipo klabu ya kukaribisha inapopimwa. Kanuni iandikwe mapema: hakuna utani wa wazimu, si kwa wapitao, si kwa sungura aliyepotea njia, si kwa mwenzako. Anayeukiuka atembee na Kobe mbio zinazofuata na kufunzwa naye.

Wafanyakazi wa hospitali waalike kama jirani mwingine yeyote. Kuhusu wagonjwa, uamuzi si wako. Zungumza na uongozi wao, na wakiona baadhi wanaweza kutembea au kukimbia nanyi, fuateni masharti yao. Mazoezi husaidia watu wengi wenye sonona na wasiwasi, lakini hayachukui nafasi ya dawa, na asitokee mwanaklabu wa kumshauri mtu aziache. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza uwezo wa mwili kuvumilia joto, kwa hiyo muuguzi aulizwe juu ya saa na jua. Usipige picha ya mgonjwa. Usiulize anaumwa nini. Aliyechagua kuitwa Twiga ni Twiga.

Kila klabu, yenye hospitali jirani au isiyo nayo, ijue la kufanya mtu akianguka kifafa. Ondoa mawe na vijiti karibu naye, mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo ya shingoni, na degedege likitulia mlaze kwa ubavu. Usimzuie kwa nguvu na usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Tazama saa: likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa jasho. Liseme hili kwa sauti siku ya kwanza, maana wapo ambao hawatamgusa.

Mwili, mvua na bonde

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mkulima wa mlimani huenda anazipita kabla ya Jumanne, hivyo usimhubirie. Kinachomleta ni mchezo na watu. Aliye mwalimu, muuza duka au dereva wa bodaboda ndiye wa kumwanzisha taratibu: dakika mbili kukimbia, mbili kutembea, kwa mwezi mzima. Mwenye presha au kisukari, na mjamzito, aulize kwenye zahanati kwanza, na kutembea nyuma na Kobe ni kushiriki kamili.

Magoti huumia kwenye kuteremka zaidi ya kupanda. Fundisha hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, macho yatazame mita tatu mbele. Raba zenye meno ni bora. Yeboyebo zinafaa kwa kutembea wakati wa kiangazi, lakini udongo mwekundu ukilowa huteleza hata kwa aliyevaa buti. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hamishia mbio kwenye barabara ya kijiji au ahirisha. Hakuna sungura wa kufukuziwa kwenye mteremko ulioloa.

Siku na saa viamuliwe na wanawake. Ukiwaachia vijana watachagua alfajiri ya Jumamosi, saa ambayo mama anachota maji na kuwasha moto, halafu watashangaa kwa nini klabu ni ya wanaume. Jioni ya saa kumi, siku isiyo ya gulio wala ya ibada, mara nyingi ndiyo hufaa, mradi wote wawe Kisimani kabla ya saa kumi na mbili. Anayetaka kukimbia na kanga kiunoni au mtandio kichwani akimbie navyo.

Ukishuka Korogwe mjini au ukivuka kwenda Handeni, mpango hubadilika. Kule ni joto, ardhi imelala, na sungura huonekana toka mbali. Punguza umbali, anza mara jua linapochomoza, weka maji katikati ya njia, na badala ya milima tumia mitaa: njia za uongo ziingie vichochoroni. Vumbi la mbao likipeperushwa na upepo, tumia pumba zilizoloweshwa kidogo. Waalike siku moja Wazigua wa Handeni waje kukimbia kwa Wasambaa, na utani wa makabila utajiendesha wenyewe. Wewe simamia tu usije ukavuka kikomo.

Kisimani panahitaji sufuria moja kubwa ya chai, mihogo au magimbi ya kuchemsha, na maji ya kunawa. Kila mtu achangie alichonacho, fedha kidogo, kuni au mkono wa ndizi, na mwenye daftari aandike. Waliovunja kanuni ndogondogo, kama kukata njia au kupita duara bila kusubiri, wategewe vitendawili. Anayeshindwa atoe mji, na mji wa Korogwe hauruhusiwi kwa kuwa kila mtu atautoa. Wazee wasihimizwe kukaa mbele kwenye viti. Wakae kwenye nyasi na kundi lao la wanyama.

Kabla watu hawajaondoka, mchague sungura wa wiki ijayo, au mthibitishe aliyenyakua mkia. Mpe hapo hapo mfuko wa vumbi na namba ya simu ya mtendaji. Siku tatu kabla ya mbio aipite njia yake yote kwa miguu, aangalie daraja la miti kama lipo, shamba lililokuwa tupu kama limelimwa, na kama kuna msiba nyumba yoyote ya njiani. Ukiwepo msiba, njia ihame. Na kama mfiwa ni jirani kabisa, siku hiyo klabu iende kuchota maji na kupasua kuni huko, masikio ya boksi yabaki nyumbani.